Sura ya Nne: Lebo Iliyokatwa Kona

Mafuta yaliyokuwa ndani ya sufuria yalikuwa meupe na yameganda. Nkatha aliyachokoa kwa ncha ya kalamu, akayanusa, akayatazama tena. Hayakuwa na chembe ya masizi. Alirudisha kifuniko mahali pake, akaandika kwenye daftari: Jumanne, 11 Februari 1997, saa nne asubuhi, jikoni, mafuta hayajashika moto.

Hapo ndipo ripoti ya kwanza ya moto huo ilipoanza kunuka kuliko nyumba yenyewe. Ilikuwa ya mistari mitatu, imeandikwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi kwenye gari lenye joto. Ilisema moto ulianzia jikoni, chanzo ni mafuta ya kukaangia, mhusika ni bibi mgeni kutoka Afrika. Chini yake palikuwa na maelezo ya huyo bibi, naye alikuwa amekubali kila kitu. Nkatha alikuwa amechunguza mioto miaka sita, kwa niaba ya kampuni ndogo ya Saint Paul inayotumwa na mashirika ya bima, na bado hakuwa amekutana na mafuta yanayounguza sebule nzima kisha yakarudi sufuriani na kujifunika.

Nyumba ilikuwa Hopkins, Minnesota, ghorofa ya pili ya jengo la zamani la matofali. Humo aliishi Velma, msaidizi wa wauguzi kutoka Bungoma, pamoja na mumewe Cyrus, mtoto wao Lucky wa miezi minane, na Bi. Margaret, mama mzazi wa Velma, aliyeletwa kutoka Kenya ili amlee mjukuu wazazi wakiwa kazini. Jumapili ya tarehe mbili, mchana, Margaret alitoka mbio na mjukuu kifuani, mikono yake yote miwili imeungua hadi kwenye viwiko. Mtoto hakupata hata lengelenge. Lakini watu wa ustawi wa watoto walimchukua siku hiyo hiyo, wakampeleka kwa familia ya watu baki, na Alhamisi saa tatu asubuhi hakimu angeamua kama atarudi kwa mama yake. Wakili wa Velma hakuwa amemficha kitu. Ripoti ikibaki kwamba bibi aliacha mafuta motoni akasahau, Lucky hatarudi kwenye nyumba yenye bibi huyo, na huenda asirudi kabisa. Nkatha alikuwa na muda hadi Jumatano jioni.

Alitoka jikoni akiwa amejifunika pua kwa skafu. Zulia lililolowa maji ya zimamoto lilikuwa limeganda, likayeyuka, likaoza. Wafanyakazi wa mwenye nyumba walikuwa wamepita kabla yake, wakaacha vichungi vya sigara na vipande vya piza ndani ya beseni la kuogea, juu ya nguo za mtoto. Alivitazama vitu hivyo. Mtu alikuwa amesimama hapa, akaona soksi ndogo za mtoto, akazitupia ganda la piza.

Sebuleni ukuta ulikuwa umesema kila kitu kwa mtu anayejua kuusoma. Moto hupanda na kutanuka, na mahali ulipoanzia huacha alama nyembamba chini, pana juu. Alama hiyo ilikuwa chini ya dirisha, juu kabisa ya hita ndefu ya maji moto inayotambaa kando ya ukuta. Kabati za jikoni zilikuwa zimeungua upande wa juu tu, kwa moshi na joto lililofika baadaye. Nkatha alipiga magoti akapepeta majivu kwa chekeche. Alipata vyuma vitatu vya mviringo, kila kimoja urefu wa kidole, vimepasuka tumbo. Cha nne alikikuta upande wa pili wa chumba, kimejikita kwenye ubao wa mlango. Kilikuwa kimeruka hatua saba.

Zilikuwa seli za betri, zile mpya zinazochajiwa, za kamera za video. Betri moja ya kamera ilikuwa na seli mbili ndani. Kwa hiyo kulikuwa na betri mbili juu ya hita, na moto ulianzia hapo. Alichukua kipimajoto, akamwomba mlinzi wa jengo afungulie maji ya hita, akasubiri dakika arobaini. Bati la juu lilifika digrii sitini na nane, likakomea hapo.

Kabla ya kuondoka alisoma tena maelezo ya Margaret. Bi. Margaret hakujua Kiingereza, kwa hiyo alisema kwa Kiswahili na mtu akamtafsiria. Jina la mtafsiri lilikuwa chini ya ukurasa: Zachariah, mzee wa kanisa. Nkatha alilizungushia duara.

Nkatha alimkuta Cyrus mji wa Coon Rapids, kwenye maegesho ya hospitali anakofanya kazi ya kusukuma wagonjwa. Alikuwa kijana mtanashati, anaongea akitazama funguo zake. Siku za mwisho wa juma alipiga video za harusi, ubatizo na misiba, kwa sababu hakuna Mkenya anayezikwa au kuolewa Minnesota bila kanda kutumwa nyumbani. Betri zake, alisema, huziacha rafuni kando ya televisheni. Jumapili ile aliondoka asubuhi na kamera, akaacha mbili pale rafuni. Zilifikaje kwenye hita? Hajui.

Nkatha alimuuliza kama aliwahi kumwonya mama mkwe wake kuhusu betri na joto.

"Nimwambie aje?" Cyrus alisema. "Ni mama mkwe. Hatuongeleshani. Nilimwambia Velma amwambie."

Velma, kwa simu ya kazini, alisema huenda aliambiwa, hakumbuki, alikuwa anapiga double, zamu mbili mfululizo, wiki nzima. Nkatha alimwamini. Alijua pia desturi ile. Bungoma kwa akina Velma, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai sebule moja wakapiga gumzo. Hata kulala chini ya paa la mkwe wake, Margaret alilala baada ya wazee kukaa kikao na kuridhia, kwa sababu ya mtoto. Miezi mitano waliishi katika nyumba ya vyumba viwili, na maneno yote yalipitia kwa Velma. Cyrus akiwa mezani, Margaret husimama koridoni na kumwambia binti yake amwambie mume wake chai iko tayari. Velma akiwa kazini, hakuna aliyeambiwa kitu.

Nkatha aliuliza betri zilinunuliwa wapi. Cyrus alisema dukani. Duka gani? La Eagan. Risiti? Alitupa. Jina la duka? Akazitazama funguo. Nkatha alinyoosha mkono akamwomba begi la kamera, akatoa betri moja iliyobaki, akamwandikia hati ya kuipokea. Mkono wa Cyrus ulikuwa na jasho ilhali nje kulikuwa na baridi ya kupasua midomo. Nkatha alijifuta kiganja kwenye koti bila kujificha.

Jumatano asubuhi alikuwa maabara ya chini ya ardhi ya chuo kikuu, kwa Solomon, aliyempelekea betri ile jana yake. Solomon alikuwa Mtanzania kutoka Moshi, mwanafunzi wa udaktari wa kemia, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuchoma betri ili ajue zinaanzaje kuungua na zinatoa joto kiasi gani. Alikuwa na nyusi nusu. Nusu nyingine iliondoka na betri ya mwezi wa Novemba. Alimkaribisha Nkatha kwa salamu zote, za mama, za kazi, za barabara, kisha akaleta trei.

"Dada Nkatha, kabla ya joto, tazama nguo," alisema.

Alikuwa ameichana betri kwa kisu siku iliyotangulia. Ganda la nje lilikuwa plastiki nyeusi mpya, lenye kung'aa, na lebo safi. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, ya zamani, iliyochafuka. Kona yake ya kulia ilikuwa imekatwa kwa mkasi, kwa mshazari. Solomon alisema hakuelewa maana ya ile kona. Nkatha hakuelewa pia, lakini aliipiga picha tatu.

Kisha Solomon akaeleza kipimo, taratibu, maana alijua Nkatha ataandika kila neno. Betri ilitoa seli mbili. Moja aliiweka ndani ya chungu cha chuma kinene chenye vipimajoto pande zote. Unaipasha kwa digrii tano, unaacha, unasubiri nusu saa, unatazama kama inajipasha yenyewe. Ikiwa haijipashi, unaongeza tano nyingine. Ikianza kujipasha, chungu hakiongezi moto wala hakipozi. Kinaifuata tu kwa joto lile lile, ili joto lake lisipate pa kukimbilia. Ndivyo unavyojua ugonjwa ni wa betri, si wa jiko lako.

Seli nzima ya aina hiyo, na alishazipima nyingi, hukaa digrii sitini na nane usiku kucha bila habari. Huanza kujipasha kidogo kidogo ikikaribia tisini, na kulipuka mbali sana huko juu. Hii ya Cyrus ilianza kujipasha ikiwa hamsini na moja.

"Hamsini na moja," Nkatha alirudia. "Na juu ya bati la sitini na nane?"

"Ingepanda yenyewe. Saa moja na nusu, mbili, hivi. Kwanza ingenuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kisha ingepiga mluzi, kisha ile unayoijua."

"Kwa nini hii moja imekuwa hivyo?"

Solomon aliinua seli ya pili, aliyokuwa ameifungua ndani ya kabati la kioo lisilopitisha hewa, ambalo mikono huingizwa kwa glavu. Kwenye utepe mweusi wa ndani kulikuwa na utando wa kijivu wa fedha, umetanda bila mpangilio. Betri ikichajiwa ikiwa imeganda kwa baridi, alisema, lithiamu haingii ndani ya utepe inakotakiwa kwenda. Inabaki juu, inajipaka. Mara moja si neno. Mara kumi, ishirini, unakuwa umeipaka kiberiti. Baadaye ukiileta ndani ya nyumba inafanya kazi kama kawaida, hujui kitu, mpaka siku itakapopata joto ambalo nzima isingelijali.

"Baridi kiasi gani?"

"Chini ya sifuri. Kwa utando huu, chini sana. Mtu amekuwa akichaji vitu hivi ndani ya friza, dada yangu, au nje ya mlango wenu hapa."

Nkatha alifikiria roshani ya Hopkins kwanza. Alimpigia mlinzi wa jengo, akamwomba atoke nje akatazame. Roshani haikuwa na soketi ya umeme, na mlango wake ulikuwa umepigwa misumari tangu Oktoba ili baridi isiingie. Akafuta roshani. Ilibaki Eagan.

Eagan ni mji wa maghala mapana yasiyo na madirisha, na Cyrus hakutaja jina la duka kwa sababu hakukuwa na duka. Nkatha hakuhangaika kulitafuta. Alirudi kwenye jina alilolizungushia duara. Alipiga simu ofisi ya kanisa ambalo jina lake lilikuwa kwenye maelezo, akauliza Mzee Zachariah anafanya kazi wapi, na mama aliyepokea, kwa ukarimu wote, akampa mpaka namba ya mlango. Alikuwa huko huko Eagan, msimamizi wa ghala la kampuni moja inayopokea vifaa vya umeme vilivyorudishwa na wateja.

Zachariah alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti laini na sweta safi ya sufu. Alimwita binti yangu, akamletea chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, akaomba waanze kwa sala. Katika sala hiyo alimtaja Mama Margaret kwa jina, akamwombea msamaha kwa uzembe wake. Nkatha alifumbua macho katikati ya sala akamtazama. Mzee alikuwa ameyafumba yake kabisa, uso umetulia. Chai ile Nkatha hakuinywa.

Alimuuliza alivyoitwa kutafsiri. Zachariah alisema alikwenda hospitali kuombea mgonjwa, akawakuta maofisa wanahangaika, akasaidia. Margaret alisema mafuta? Alisema mafuta. Kwa maneno yake mwenyewe? Kwa maneno yake mwenyewe, mbele za Mungu. Nkatha aliomba kuona ghala.

Walitembea kati ya rafu. Mwisho wa safu ya sita kulikuwa na pipa la bluu limejaa betri za kamera, na kila moja ilikuwa na lebo iliyokatwa kona ya kulia, kwa mshazari. Nkatha aliuliza kona zile ni za nini, kwa sauti ya mtu anayeuliza choo kiko wapi. Mfanyakazi mmoja aliyekuwa akipita, mzungu mwenye fulana ya timu ya mpira wa magongo wa barafuni, alijibu kabla mzee hajafungua mdomo. Hizo ni mbovu, alisema. Zikirudi mbovu tunakata kona ili zisirudi tena sokoni, halafu lori la taka za hatari linazichukua.

"Na hakuna inayotoka?" Nkatha alimuuliza Zachariah mfanyakazi alipokwisha pita.

"Hakuna, binti yangu. Nazihesabu mimi mwenyewe."

Angeweza kuishia hapo na picha zake. Lakini mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo, umezuiwa na waya mnene wa umeme wa rangi ya machungwa. Nkatha aliufuata. Ulivuka theluji, ukapita nyuma ya mapipa ya taka, ukaingia chini ya mlango wa trela kuukuu lisilo na magurudumu. Zachariah alimfuata nyuma akisema humo mna viti vya kanisa tu. Viti kweli vilikuwamo. Nyuma ya viti kulikuwa na rafu ya mbao yenye chaja kumi na mbili, taa zake nyekundu zikiwaka, kila chaja na betri yake. Mezani kulikuwa na mkasi, bunda la lebo mpya, na nailoni nyeusi za kuvishia betri, zinazokazwa kwa joto. Sakafu karibu na mlango ilikuwa na duara jeusi lililoungua hadi kwenye chuma, na mtu alikuwa amelifunika kwa zulia dogo la kupigia magoti.

Nkatha aliweka kipimajoto mezani. Kilishuka, kikashuka, kikasimama digrii kumi na nne chini ya sifuri.

"Baridi ndiyo salama," Zachariah alisema. Sauti yake bado ilikuwa laini. "Ndani zilikuwa zinapata joto sana nikizichaji. Nikaona hapa hazitawaka. Nilifikiria usalama wa watu."

"Uliona kwamba zinawaka, ndiyo ukazileta hapa."

"Watu wetu hawana uwezo wa zile za dukani. Nani angewasaidia?"

Nkatha alikuwa amewaona wezi wengi, na wengi wao alikuwa amewaonea huruma kidogo. Huyu alimtia kinyaa mpaka kwenye meno. Alikuwa amewauzia watu wake takataka ambazo hakuna mteja mwingine aliyeruhusiwa kuuziwa, kisha akaenda kukaa kando ya kitanda cha mwanamke aliyeungua, na bila shaka akamshika bega, akamfundisha cha kusema. Alimwambia atoke nje ya trela na asiguse kitu. Alimwambia pia kwamba kabla ya kuingia ghalani alikuwa ameomba, kwa simu ya garini, zimamoto wa eneo hilo waje.

Mzee aliposikia hivyo, ulaini ulimtoka.

"Basi usiandike jina langu peke yake," alisema. "Muulize Cyrus nani alikuwa anazivisha. Mkasi huo ni wake. Siku hiyo moja iliporipuka hapo chini, mwezi wa kumi na moja, alikuwa amesimama ulipo."

Saa tisa alasiri Nkatha alifika wodini. Kwenye chumba cha Margaret kulikuwa na pazia linaloigawa nafasi katikati, kitanda cha pili hakina mtu. Velma alikaa kando ya mama yake akimlisha uji kwa kijiko, bado amevaa sare ya kazi. Cyrus alikuwa upande wa pili wa pazia, kwenye kiti cha wageni, kwa sababu hakupaswa kumwona mama mkwe wake akiwa amelala. Viatu vyake vilionekana chini ya pazia.

Nkatha alimsalimu Margaret, akavuta kiti, akamwambia kwamba mafuta ya sufuria yake ameyaona na ni meupe. Margaret alifunga macho. Alikuwa mwanamke mfupi, mgumu, mwenye uso wa mtu aliyelima maisha yake yote, na mikono yake ilikuwa juu ya mto imefungwa bandeji nene. Kisha akasema amechoka na uongo ule, unamnyima usingizi kuliko majeraha.

Alieleza yote bila kuruka. Wiki moja kabla ya moto, mkwe wake alirudi kutoka kwenye msiba amekunja uso. Kamera ilikuwa imezimika katikati ya maombi, na watu walimsema. Alimsikia akimlalamikia Velma. Yeye hangeweza kumpa pole, si kazi ya mama mkwe. Lakini betri anazijua. Nyumbani Bungoma, betri za redio zikichoka, unazianika kwenye mabati jua likiwa kali, na jioni redio inaongea tena. Hapa jua halina kazi. Kuna lile bati la dirishani lenye moto. Basi Jumapili ile, watu wote wametoka, alizichukua betri mbili za rafuni akazipanga juu ya bati, akaenda kumwogesha mtoto.

"Nilitaka azikute zina nguvu," Margaret alisema. "Asijue ni nani. Nilimwogesha, nikamlaza pale pale kando ya dirisha, nikaenda kufua nguo zake, na niliporudi zilikuwa zinapiga mluzi. Nilizishika nizitupe."

"Na mafuta?"

"Mzee wa kanisa aliniambia nikitaja kamera, watamfunga mkwe wangu na Velma atabaki peke yake na mtoto. Mafuta ni ajali tu, kila mwanamke anapika. Nikasema mafuta." Alifungua macho. "Mwanangu, niambie ukweli. Nisingeziweka pale, zingewaka?"

Nkatha hakupenda kudanganya wagonjwa. Alimwambia siku ile hazingewaka. Kisha akamwambia kilichobaki: kwamba betri nzima ingekaa juu ya bati lile mpaka kesho yake isifanye lolote, kwamba zile zilikuwa takataka zilizokatwa kona ili zisiuzwe, zikaharibiwa zaidi kwa kuchajiwa kwenye trela lililoganda, zikavishwa ngozi mpya. Zingewaka siku nyingine, kwenye begi, ndani ya gari lililokaa juani, au kifuani mwa mtu.

"Nani alizivisha?" Velma aliuliza.

Nkatha aliinuka, akalivuta pazia mpaka mwisho.

Cyrus aliruka akasimama, akageuka ukutani kama desturi inavyomtaka. Ilikuwa adabu kamili. Alimuuliza, mbele ya wote, kama mkasi ni wake. Cyrus alisema Mzee alimwambia ni kazi ya mkono tu, saa mbili kila Jumamosi. Alimuuliza kuhusu duara jeusi kwenye sakafu ya trela.

"Uliiona ikiripuka?"

"Niliiona," aliuambia ukuta. "Mzee alisema hiyo moja ilikuwa na shida yake."

"Na bado ulizileta nyumbani."

"Nilikuwa nazitumia mimi mwenyewe. Sikudhani. Halafu Mama aliposema ni mafuta, nikaona... imeshaisha hivyo."

Velma alikuwa bado ameshika kijiko. Alikiweka bakulini polepole. Margaret alizungumza na binti yake, kwa njia waliyozoea.

"Velma, muulize mume wako, siku zote hizo mtoto alikuwa analala wapi?"

Velma hakufungua mdomo. Swali lilikuwa limefika lenyewe.

"Kando ya dirisha," Cyrus alisema. "Karibu na ile rafu."

"Cyrus."

Margaret hakuwahi kuliita jina lile, tangu siku ya posa. Cyrus aligeuka kabla hajajizuia.

"Miezi mitano nimekupikia nikikupitishia chakula kwa mkono wa mtoto wangu," Margaret alisema. "Nimekuheshimu mpaka nikawa nakohoa kwa kitambaa usinisikie. Sikukudai kunisemesha. Ungeandika karatasi moja tu ukaibandika pale rafuni. Nasoma." Alimgeukia Nkatha. "Andika upya. Andika betri niliziweka mimi kwenye bati, kwa mikono hii, usinifichie. Kisha andika aliyezileta nyumbani, na kwamba alijua."

Nkatha aliandika. Alimsomea neno kwa neno, na Margaret akarekebisha mahali pamoja, pale ilipoandikwa kwamba alikimbia na mtoto. Alisema alizishika betri kwanza, akachelewa, na hilo nalo liandikwe. Velma alimshikia kalamu kati ya bandeji na kidole gumba. Sahihi ilitoka mbaya lakini ilisomeka.

Velma alikunja kitambaa cha kulia chakula alichokuwa amemvisha mama yake, akauliza korti inaanza saa ngapi, ingawa alijua. Nkatha alisema saa tatu. Alisema pia kwamba hawezi kuahidi hakimu atasema nini.

"Ataniuliza mtoto atalala wapi," Velma alisema. "Nitamwambia kwangu, na bibi yake akitoka hapa atakuwa na sisi." Aliongea bila kumtazama mumewe. "Cyrus, wewe kesho usije. Na nyumba nitakayopata, usiijue."

Cyrus alimtazama mama mkwe wake, kisha akamgeukia Nkatha, labda akidhani yeye angemtetea. Nkatha alifungua ukurasa mpya wa maelezo, akamwomba jina lake kamili, kama lilivyoandikwa kwenye pasipoti.